Je, kusoma hadithi na riwaya kunaongeza akili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Klabu yetu ya vitabu ina rafu tano za vitabu vya kuazimisha, na kila Jumamosi mzazi huwa ameshauliza swali kabla mtoto wake hajachagua kitabu. Maswali yenyewe yanajirudia. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza apate jibu refu kuliko lile ninalompa mlangoni huku nahesabu vitabu vilivyorudishwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mwanasaikolojia. Pale watafiti wanapogongana, nimesema wanagongana.

## Kwanza kabisa

1. Kwa kifupi: kunaongeza akili au hakuongezi?

Inategemea unaita nini akili. Kama ni wingi wa maneno unayoyajua na uwezo wa kuelewa maandishi marefu, kusoma kunasaidia, na hapo ushahidi ni mzito (swali la 6 na la 7). Kama ni kuwaelewa watu wengine, huenda, ila kwa kiasi kidogo kuliko ulivyosikia (swali la 4). Kama ni IQ, yaani alama za vipimo vya akili, hakuna aliyeonyesha kwamba riwaya zenyewe zinaipandisha (swali la 5).

Anayekuambia kitabu fulani kitamfanya mtoto wako awe jiniasi yuko kazini, anauza. Nunua kitabu, jiniasi mwachie.

2. Akili ipi hasa inayozungumziwa?

Neno "akili" tumelibebesha mizigo mingi. Ni wepesi wa kushika mambo, ni maarifa, ni busara, ni ujanja wa Sungura, na wakati mwingine ni adabu tu: mtoto anayepata hesabu zote lakini hasalimii wakubwa huambiwa hana akili. Mzazi anayeniuliza swali hili mara nyingi anamaanisha nafasi ya mtoto darasani, na anaona aibu kidogo kulisema hivyo.

Watafiti wanapima vitu vitatu ambavyo magazeti huvichanganya. Kuna uwezo wa lugha, yaani msamiati na ufahamu. Kuna uwezo wa kukisia mwenzako anawaza au anahisi nini. Na kuna uwezo wa jumla wa kufikiri, unaopimwa kwa mafumbo ya maumbo, namba na maneno, ambao matokeo yake huitwa IQ. Ukisikia "utafiti umethibitisha", uliza kwanza ni kipi kati ya hivyo vitatu.

3. "Hadithi" ni zipi? Simulizi za WhatsApp nazo zimo?

Zimo. Riwaya, hadithi fupi, hekaya za Abunuwasi, hadithi za magazetini, na zile simulizi za kwenye simu zinazokatwa mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, halafu unaambiwa sehemu ya 13 inalipiwa. Kilichobuniwa kikaandikwa ili kisomwe, kwa ukurasa huu ni hadithi.

Nina lalamiko moja tu kuhusu simulizi za simu: hazina mhariri. Mtoto ambaye bado anajifunza tahajia atasoma "halaka" na "kufulahi" mara mia mpaka ayaone ndiyo sahihi. Mtu mzima ambaye tahajia yake imeshakomaa asome tu. Chombezo, yaani zile simulizi za mapenzi ya chumbani, ni za wakubwa.

## Utafiti unasema nini

4. Nimesikia wanasayansi wamethibitisha kwamba riwaya hukufanya uwaelewe watu. Ni kweli?

Habari hiyo ilipata nguvu Oktoba 2013. David Comer Kidd na Emanuele Castano, wa chuo kikuu cha New School cha New York, walichapisha majaribio matano kwenye jarida la Science. Waliwagawa watu makundi: kuna waliosoma vipande vya fasihi inayosifiwa na wahakiki, kuna waliosoma hadithi pendwa, kuna waliosoma makala za mambo halisi, na kuna ambao hawakusoma chochote. Halafu wakawapima. Kipimo kimojawapo kilikuwa picha 36 za macho ya watu, macho peke yake, bila pua wala mdomo, na chini ya kila picha maneno manne ya hisia. Unachagua moja. Waliosoma fasihi walipata zaidi kidogo.

Vyombo vya habari vililipenda sana jambo hilo, nami nakiri nililibandika ukutani darasani. Baadaye nikalibandua. Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu karibu 800 na hawakuiona tofauti iliyodaiwa. Mwaka 2018 kundi kubwa zaidi lilirudia majaribio 21 ya sayansi ya jamii yaliyokuwa yametoka kwenye Nature na Science kati ya 2010 na 2015. Kumi na matatu yalisimama, na hili lilikuwa kati ya yaliyoanguka. Mwaka huohuo David Dodell-Feder na Diana Tamir walijumlisha majaribio 14 ya aina hii na kukuta kwamba faida ipo, ila ni ndogo sana.

Mimi naona kosa lilikuwa kwenye matarajio. Kusoma kurasa chache kisha kupimwa papo hapo ni kama kupanda mchicha asubuhi ukausubiri jioni na kisu mkononi.

Kuna njia nyingine ya kupima, nayo ni kutazama watu ambao wamesoma hadithi kwa miaka. Tatizo ni kwamba watu hudanganya kuhusu kusoma. Ukimuuliza mtu anasoma vitabu vingapi, atakutajia idadi nzuri. Kwa hiyo watafiti hutumia orodha ya majina ya waandishi iliyochanganywa na majina bandia, na unaambiwa utie alama kwa wale unaowajua. Anayejidai anaumbuka kwenye majina bandia. Kwa mbinu hiyo Raymond Mar, Keith Oatley na wenzao wa Toronto walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaowatambua waandishi wengi wa hadithi hufanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha macho kuliko wanaowatambua waandishi wa vitabu vya maarifa. Tafiti zilizofuata zimeuona uhusiano huohuo, tena mdogo. Lakini huenda watu wanaopenda kuwachunguza wenzao ndio wanaovutiwa na riwaya, badala ya riwaya kuwafanya wawe hivyo. Orodha ya majina haiwezi kutuambia kipi kilitangulia.

5. Na IQ je?

Hapa inabidi kutenganisha kusoma kwa jumla na kusoma hadithi.

Njia safi ya kuchunguza jambo hili ni mapacha wanaofanana kabisa, kwa sababu wana urithi mmoja na nyumba moja. Stuart Ritchie na wenzake walifuatilia jozi 1,890 za mapacha wa namna hiyo nchini Uingereza, wakiwapima mara tano kati ya miaka 7 na 16. Pacha aliyemzidi mwenzake kusoma akiwa mdogo alielekea kumzidi pia kwenye vipimo vya akili baadaye, hata vile visivyo na maneno. Hiyo ni habari kubwa. Lakini walichopima ni *uwezo* wa kusoma, na hakuna aliyewauliza kama walisoma riwaya au vitabu vya treni.

Utafiti mwingine wa mapacha, wa Uholanzi, uliotoka mwaka 2018 na kuhusisha watoto zaidi ya 11,000 wa miaka kama saba, ulikuta kwamba anayejua kusoma vizuri ndiye anayesoma sana. Kinyume chake, yaani kusoma sana kuleta kusoma vizuri, hakikuonekana katika umri huo. Inauma kidogo kwa sisi wenye rafu, ila inaelekeza pa kuanzia (swali la 11).

Kama shida yako ni IQ peke yake, kitu kilichoonyeshwa kwa uhakika kwamba kinaipandisha ni shule. Ritchie na Elliot Tucker-Drob walikusanya takwimu za watu zaidi ya 600,000, na kila mwaka wa ziada wa masomo uliambatana na nyongeza ya pointi kati ya 1 na 5. Hakuna riwaya yenye rekodi kama hiyo.

6. Basi faida iliyo wazi ni ipi?

Maneno. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walihesabu maneno adimu katika Kiingereza cha Marekani. Katika kila maneno 1,000, vitabu vya watoto vilikuwa na adimu 30.9. Vipindi vya runinga vya watu wazima vilikuwa na 22.7. Mazungumzo ya wahitimu wa chuo kikuu na rafiki zao yalikuwa na 17.3. Yaani kitabu cha sungura na fisi kina msamiati mzito kuliko wasomi wawili wakipiga soga.

Hesabu hizo ni za Kiingereza, lakini jaribu mwenyewe. Rekodi dakika kumi za mazungumzo sebuleni kwako, halafu fungua riwaya ya Kiswahili popote. Sebuleni utakuta "kile kitu", "hivyo hivyo", "si unajua tena". Kwenye riwaya mtu ameghafilika, ameduwaa, amefoka, amenywea, amejikunyata. Mtoto hapati nafasi ya kusikia "kunywea" mpaka akutane na mhusika aliyenywea.

Mtu halishiki neno mara anapoliona. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba msomaji hubaki na takriban 15 katika kila maneno 100 mageni anayokutana nayo akisoma kawaida. Ni kidogo, ndiyo maana wingi wa kurasa una maana. Na maneno ndiyo vifaa vya masomo mengine yote: anayeelewa "isipokuwa" na "ilhali" anaelewa swali la hesabu kabla hajaanza kukokotoa.

7. Kwa nini hadithi? Si angesoma kitabu cha maarifa, apate maneno na maarifa pamoja?

Ningekubali, kama isingekuwa kazi ya John Jerrim na Gemma Moss iliyotoka mwaka 2019. Walichambua matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA kwa vijana zaidi ya 250,000 wa miaka 15 katika nchi 35 zilizoendelea kiviwanda. Vijana waliosoma hadithi mara kwa mara kwa hiari yao waliwazidi wenzao kwa ufahamu wa kusoma. Kwa magazeti, majarida, katuni na vitabu vya maarifa, tofauti ya namna hiyo haikuonekana.

Hilo nalo ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo na matokeo. Lakini sababu moja naiona kila wiki kwenye rafu zetu. Kitabu cha maarifa mtoto hukifungua, hutazama picha ya mamba, husoma maelezo ya chini yake, akakifunga. Riwaya humshika. Anataka kujua kama yule mama wa kambo atakamatwa, basi anameza kurasa 200 bila kusukumwa, na katika hizo kurasa anajifunza kukumbuka jambo la ukurasa wa 12 alipofika wa 150. Pumzi hiyo ya kusoma ndiyo mitihani inayoitafuta.

8. Hizi tafiti zote ni za Wazungu. Zinatuhusu?

Swali hili huulizwa kwa ubishi, na ni swali zuri kuliko yote. Wengi wa waliopimwa ni wanafunzi wa Marekani, Kanada na Ulaya, wakisoma lugha zao. Katika zile nchi 35 hakuna hata moja ya Afrika. Kwa hiyo ninachoweza kufanya ni kukuletea vitu vitatu vya karibu.

Cha kwanza ni cha Liberia. Wavai wana maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa katika miaka ya 1830, na watu walikuwa wakifundishana nyumbani bila shule. Kwa hiyo Sylvia Scribner na Michael Cole waliwapata huko watu wanaojua kusoma ambao hawajawahi kukaa darasani, wengine waliosoma Qurani kwa Kiarabu, na wengine waliopitia shule ya Kiingereza. Kitabu chao cha mwaka 1981 kilisema wazi: kujua kusoma peke yake hakukuleta akili ya jumla iliyozidi. Kila aina ya kusoma ilinoa kile ilichotumiwa. Waliozoea kuandikiana barua za Kivai walikuwa hodari wa kumwelekeza mtu mchezo asioujua. Waliokariri Qurani walikuwa hodari katika aina moja ya kukumbuka kwa mfuatano. Kufikiri kwa namna ya vipimo kulitoka zaidi shuleni.

Cha pili ni chetu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, na waliokuwa na umri wa kusikia wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye vimada njia nzima, na mkewe Tunu. Wasichokumbuka ni kwamba lilikuwa jaribio. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate pa kulinganisha. Katika mikoa iliyosikiliza, watu walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango na wakaanza kuutumia zaidi kuliko Dodoma. Dodoma nao walipoanza kuusikia, mambo yakasogea.

Cha tatu ni cha Rwanda. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya wasikilizaji wa mchezo wa redio wa *Musekeweya*, uliohusu chuki na upatanisho. Mchezo haukubadilisha sana imani za watu za moyoni, lakini ulibadilisha walivyoona yanayokubalika katika jamii, na hata walivyotenda.

Hayo mawili ya mwisho yalisikilizwa, hayakusomwa, na hakuna aliyepima IQ. Ila ukiniuliza hadithi ya kubuni imewahi kumfanya Mtanzania afanye uamuzi tofauti, ushahidi wa Mkwaju una nguvu kuliko picha 36 za macho.

## Watoto na shule

9. Mwanangu anasoma riwaya mpaka usiku badala ya hesabu. Nimkataze?

Usingizi usiuchezee. Kwa mtoto, usiku wa kulala vizuri una faida kuliko sura tatu za riwaya, hata iwe nzuri namna gani. Weka saa ya kuzima taa na uishike.

Kuhusu hesabu, riwaya haifundishi kugawanya sehemu. Mzazi asidanganyike kwamba mtoto akisoma sana, hesabu zitakuja zenyewe. Lakini usiifanye riwaya kuwa zawadi ya kumaliza hesabu wala adhabu ya kunyang'anywa, maana utakuwa umemfundisha kwamba hesabu ni mateso na kusoma ni peremende. Vipangie saa tofauti.

10. Ameusoma mwongozo wote wa kitabu cha fasihi. Si inatosha?

Kwa mtihani, pengine. Kwa yote niliyoeleza swali la 6 na la 7, haitoshi kabisa.

Mwongozo humpa mwanafunzi dhamira, wahusika na tamathali za semi zikiwa zimeshachambuliwa na mtu mwingine. Ni kama chapati iliyotafunwa. Nimesahihisha karatasi ambazo wanafunzi 40 wameandika sentensi ileile, na kosa lilelile la jina la mhusika, kwa sababu mwongozo uliokuwa mikononi mwao ulikosea. Mmoja tu alipatia jina. Nilipomuuliza, alisema kaka yake alikuwa na riwaya yenyewe.

Si kosa la watoto peke yao. Nakala za vitabu ni chache, mwongozo ni mwembamba na bei yake nafuu, na mwalimu ana wiki chache za kumaliza mada. Wenzetu wa Kenya wenye karatasi nzima ya Fasihi kwenye KCSE wanalalamikia jambo hilohilo. Ushauri wangu ni wa kawaida: riwaya kwanza, mbio mbio, kwa ajili ya kujua kilichotokea. Mwongozo baadaye.

11. Wangu hajaweza kusoma vizuri. Nimpe riwaya imchangamshe?

Hapana, mpe kusoma kwanza. Upimaji wa Uwezo, ambao umekuwa ukiwafikia watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, huishia kwenye hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na ripoti zake za mwanzo zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakikwama kabla ya kuifikia. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Utamu wa hadithi haumfikii.

Kwa hiyo fanya vitu viwili kwa wakati mmoja. Silabi na maneno, dakika kumi na tano kila siku, bila hasira. Na wewe umsomee hadithi kwa sauti, iliyo juu ya uwezo wake, kwa sababu masikio yake yana uwezo kuliko macho yake. Wazazi huniambia "mimi mwenyewe sisomi vizuri." Basi msimulie ya bibi yako. Maneno magumu ya bibi ni msamiati pia.

12. Asome za Kiswahili au za Kiingereza?

Aanze na lugha anayoiota usiku. Ustadi wa kufuata kisa, kukisia neno na kushika wahusika ukishaupata kwa lugha moja hauanzi sifuri kwa nyingine. Kwa kuwa sekondari zetu za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, kuanzia darasa la sita ongeza vitabu vyepesi vya Kiingereza, tena vyepesi kweli, ambavyo ukurasa mmoja una maneno mageni yasiyozidi matano. Ninaowaona wakiharibikiwa ni wale waliopewa riwaya nene za Kiingereza wakiwa darasa la nne ili wageni wa baba wazione.

## Karatasi, simu na masikio

13. Kusoma kwenye simu kuna faida ileile?

Kwa hadithi, karibu sawa. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 54 zenye watu zaidi ya 170,000 ulikuta kwamba karatasi inaishinda skrini kwa ufahamu, lakini kwa maandishi ya maelezo. Kwa masimulizi peke yake tofauti haikuonekana. Tatizo la simu si kioo, ni ujumbe unaodondoka katikati ya sura. Zima data, soma, bando nalo litapumua.

14. Na kusikiliza simulizi za sauti?

Kwa anayejua kusoma tayari, maana inaingia vilevile. Mwaka 2019 watafiti wa Berkeley, California, walilinganisha ramani za ubongo za watu waliosikiliza na kusoma masimulizi yaleyale, na sehemu zinazoshughulikia maana zilifanana sana. Walikuwa watu tisa tu, lakini vipimo vilikuwa vya kina. Fundi cherehani anayesikiliza riwaya kutwa nzima asione haya kusema "nimeimaliza". Kwa mtoto anayejifunza kusoma, sauti haichukui nafasi ya herufi. Tazama swali la 11.

15. Tamthilia za runinga?

Kwa msamiati, tazama hesabu za swali la 6. Kwa kubadilisha mawazo ya watu, tazama Mkwaju, swali la 8.

## Maswali ya pembeni

16. Hadithi inaweza kumjaza mtu ujinga?

Inaweza. Mwaka 2003 Elizabeth Marsh na wenzake waliwapa wanafunzi hadithi fupi zilizofichwa ndani yake mambo ya kweli na ya uongo. Baadaye wanafunzi waliulizwa maswali ya kawaida ya maarifa, wakajibu kwa uongo waliousoma, na baadhi walidhani walikuwa wakiujua tangu zamani. Sehemu hiyo ya mwisho inatisha. Tunaposoma hadithi tunalegeza ulinzi, kwa hiyo kinachopita hakisimamishwi getini.

Ndiyo maana nawaambia watoto wa klabu: daktari wa kwenye riwaya asikutibu, na mganga wa kwenye riwaya ndiyo kabisa.

17. Si ni uongo tu? Dini inaruhusu?

Mimi si shehe wala mchungaji, muulize wako. Ninachoweza kusema ni kwamba wazee wetu waliutangaza uongo huo mlangoni. "Hadithi, hadithi!" anasema msimulizi, na watoto wanaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hakuna anayetapeliwa hapo. Na mzazi mmoja mlokole aliyenibishia kwa ukali alinyamaza mwenyewe alipokumbuka kwamba Mwana Mpotevu naye alikuwa kisa cha mfano.

18. Nina miaka sitini. Nimechelewa?

Hapana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwafuatilia Wamarekani 3,635 wenye zaidi ya miaka 50, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba katika miaka 12 wasomaji wa vitabu walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko wasiosoma. Magazeti na majarida yalikuwa na faida ndogo zaidi. Usiichukulie kama dawa: anayesoma vitabu uzeeni huenda pia ana macho mazima, miwani, na mtu wa kumpikia, na si mambo yote kama hayo yanaweza kuondolewa kwenye hesabu. Miwani ya kusomea ndiyo kizuizi ninachokiona zaidi kwa wazee wanaokuja kwetu. Tunayo miwili ya kuazima pia.

19. Jirani yangu hajawahi kusoma kitabu na ananizidi akili. Inakuwaje?

Akili nywele, kila mtu ana zake. Fundi anayesikiliza injini na kujua beringi imeanza kulia, au mama anayeendesha mchezo wa kutoleana pesa kwa zamu wa watu thelathini bila daftari na hakuna aliyedhulumiwa, hawana haja ya cheti changu. Wavai wa swali la 8 walituambia hivyo: unanoka pale unapopatumia.

20. Namjua mtu anasoma riwaya tangu utoto na hana huruma hata chembe.

Nami namjua wa kwangu. Soma tena swali la 4, hasa neno "ndogo".

21. Nianze na kitabu gani, na nikiona kinachosha?

Anza na kile ambacho mwenzako amekataa kukurudishia. Kikikuchosha, kiache kufikia ukurasa wa 40, hakuna anayekusahihisha. Nchini Brazil wafungwa hupunguziwa siku nne za kifungo kwa kila kitabu walichosoma na kukiandikia ripoti, hadi vitabu 12 kwa mwaka, na wao ndio wenye haki ya kuvumilia kitabu kibaya.

22. Mnauza vitabu?

Hatuuzi, tunaazimisha. Jumamosi saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kitabu kimoja kwa wiki mbili, mtoto aje na daftari lake la majina. Kilichochanika kirudisheni hivyohivyo, gundi tunayo.